Zamu ya Banjo

Delphia Ratliff alikuwa amekwisha kurekodi nyimbo tisa kwa gitaa kavu, muziki wa milimani kwao Kentucky akiuchanganya na jazi. Watu wa mjini walimsifu hadi akaona haya. Ulibaki wa kumi, wimbo aliofundishwa na baba yake, na huo hakuutaka bila banjo ya mzee mwenyewe. Vidole vya baba huyo, Hobert, vilikuwa vimeanza kukakamaa; leo ikipita, basi tena.

Mzee alikuja amenuna.

"Hayo machodi yako ya kwenye mabaa," alisema huku akikaza nyuzi, "yameomba ruhusa kwa nani?"

"Kwa mama. Wewe ulikuwa umelala."

"Ndiyo maana. Mama yako hajawahi kumkatalia hata muuza bima."

Everett, fundi wa sauti, aliwasimamisha mbele ya maikrofoni moja, kama ilivyo desturi huko milimani: mwenye zamu husogea mbele, akimaliza anarudi nyuma, mwenzake anaingia. Hakuna kuhesabiana wala kukonyezana.

Delphia akaanza, mzee akimfuatia chinichini. Hata mstari wa pili haujaisha, binti alikwishaanza kuzurura mbali na wimbo kwa zile chodi zake za jazi. Mzunguko ulipokwisha akamngoja baba yake asogee. Mzee hakusogea. Kuiacha maikrofoni tupu ni utovu wa adabu, kwa hiyo akapiga mzunguko wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja ukienda mbali zaidi, na moyo ukimuuma. Ananisusia, alijisemea. Katika wa saba akakata tamaa, akazinyamazisha nyuzi kwa kiganja.

"Baba, kama hutaki sema hutaki. Usinifanye mjinga mbele za watu."

"Nani hataki? Nakungoja umalize, nawe humalizi."

"Nimemaliza mara sita."

"Labda kichwani mwako. Mtu humaliza wimbo kwa kuurudisha nyumbani. Au ulitaka nikudakie maneno mdomoni?"

Everett akacheka mpaka akainamia mitambo yake. Delphia hakucheka. Miaka kumi na tano aliamini baba yake anauchukia muziki wake, kumbe mzee alikuwa anatafuta pa kuingilia tu. Akaona uchungu kwa miaka yote ile.

"Zurura utakako," mzee akasema, sasa kwa upole. "Mstari wa mwisho tu, upige nilivyokufundisha. Nitakuja."

Wakaanza upya. Delphia akazurura, mstari wa mwisho akaupiga wazi, na mzee akasogea pale pale. Akapiga vizuri, vizuri mno, mpaka katikati ya wimbo kidole cha pete kikagoma. Akajaribu tena, kikagoma. Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama binti yake.

Delphia akasogea. Hakutia hata chodi moja ya jazi. Aliuchukua wimbo pale ulipokatikia, akaupiga kama alivyofundishwa utotoni, akaufikisha mwisho.

"Turudie?" Everett akauliza. "Pale katikati..."

"Acha hivyo hivyo," Delphia alisema, akaenda kumsaidia baba yake kuvua mkanda wa banjo, maana mwenyewe hakuweza.