Dakika Nne za Kamera ya Nyuma

Usione vyaelea, vimeundwa. Watu hukaa sebuleni wakatazama video ya harusi na kusema, "Ah, imetoka vizuri," kana kwamba ilijitengeneza yenyewe. Basi aulizwe yule mjane mwenye studio, aliyehangaika asubuhi nzima na mdomo wa mama wa bibi harusi usiopatana na sauti yake. Mama amekwisha kufunga kinywa, maneno bado yanamtoka.

Harusi hiyo ilirekodiwa kwa kamera tatu. Ya mbele aliishika mumewe, ya pembeni shemeji yake, na ya tatu ilisimamishwa nyuma ya ukumbi, ikaachwa irekodi yenyewe mwanzo hadi mwisho. Kamera zikishawashwa, mumewe alikuwa akipiga kofi moja la nguvu, ili baadaye mlio ule ulinganishwe na zote tatu ziende pamoja. Alilipiga kwa mbwembwe hata wageni wakadhani sherehe imeanza, nao wakapiga makofi. Wenzake walimwita Bwana Kofi. Siku tisa baada ya harusi hiyo alianguka bafuni, akafa.

"Ghafla tu," mjane aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Alikuwa mzima kabisa."

Neno hilo, ghafla, ndilo lililomwezesha kula na kulala. Kama ni ghafla, hakuna ambacho angefanya.

Haya, turudi kwenye kazi. Kofi la mwanzo lilikaa sawa. Akakagua kasi ya picha, ni ileile kwa kamera zote. Akazima kompyuta, akaiwasha, wapi. Ndipo alipoona kwamba kamera ya mbele ilikuwa na vipande viwili, naye kwa haraka alikuwa ameviunga kama kimoja. Mumewe alizima katikati, akawasha tena bila kupiga kofi. Mtu aliyeweza kusahau hata kula, lakini kofi hakulisahau kamwe.

Ili ajue pengo ni la muda gani, mjane akafungua rekodi ya kamera ya nyuma, ile isiyozimwa. Akamwona mumewe akiiacha kamera yake, anakuja taratibu akijishikilia kwenye viti, mpaka akakaa karibu kabisa na kipaza sauti. Shemeji akamfuata.

"Kifua tena?"

"Kinabana. Kitapita."

"Kaka, twende hospitali sasa hivi."

"Kazi iishe kwanza. Tutakwenda Jumatatu. Na mama watoto usimwambie, ana mengi."

Akakaa pale dakika nne, mkono kifuani, kisha akainuka akarudi kwenye kamera yake.

Mjane alirudia kusikiliza mara tatu. Kifua *tena*. Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Akamwita shemeji, aliyekuwa chumba cha mbele na wateja, akamsikilizisha. Shemeji akasimama pale, uso umemshuka.

"Ulijua," mjane akasema. "Nililia mbele yako, ukaniambia hakuna aliyejua."

"Aliniapisha, shemeji. Na alipofariki nikaona, nikuambie ili iweje? Nikuongezee maumivu?"

"Jumatatu mlikwenda?"

"Hatukwenda." Shemeji alikuwa akitazama sakafu. "Alinipigia asubuhi, akasema umempangia kazi ya mahafali, hataki kukuangusha."

Ndiyo, mjane mwenyewe ndiye aliyempangia. Akaikumbuka asubuhi ile. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akasema, "Mama watoto, leo nimechoka." Naye, na haraka zake, akamjibu kwamba kuchoka ni kwa wasio na watoto wa kulisha. Mumewe akacheka, akavaa soksi ya pili, akaenda.

Ulimi hauna mfupa, jamani. Na neno likishatoka, halirudi.

Shemeji alingoja agombezwe, na pengine angeona afadhali. Mjane hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi?

"Wewe alikuapisha, ukanyamaza," alisema. "Mimi aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake, nikamfukuza aende kazini."

Akainamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti. Shemeji akaenda kuwaambia wateja warudi kesho.