Damu ya Pande Mbili

Karakanani walimwita Chuma. Seremala huyo hakujua kulazwa. Homa ikimpata, alijinyoosha mchana mmoja, na kesho yake yuko na randa mkononi. Mama yake alijivunia hilo kwa kila aliyekuwa na masikio. Malaria ilikuwa imemnyang'anya watoto wawili, lakini huyu wa tatu ilimgusa tu, ikampita.

Binti yake Chuma, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo haukutulia, hakumfuata baba. Alianza kuvimba vidole kabla hajajua kutembea, na mifupa ikimuuma alilia mpaka sauti inakauka. Hospitali wakasema ni selimundu: chembe za damu zinajikunja na kuziba njia. Ni ugonjwa wa kurithi, wazazi wote wapimwe. Mke alipimwa siku ileile, akakutwa nayo. Chuma akasema ana milango ya watu haijaisha.

"Apimwe nani?" mama yake alisema sebuleni, akijua mkwewe yuko jikoni anasikia. "Kwetu damu safi. Haya yameingia humu na mabegi ya mtu."

Mke akatoka na sufuria mkononi. "Baba Chiriku, umesikia?"

Chuma alikuwa anakwangua gundi kwenye kucha. "Mama ni mtu mzima," akasema bila kuinua macho. "Halafu kweli, mimi nimeugua lini?"

Mke alikunja nguo zake, akambeba mtoto, akahamia kwa dada yake. Chuma alidhani hasira ni moto wa karatasi, utazimika wenyewe. Wiki zikawa miezi. Matumizi ya mtoto alituma, mwenyewe hakukanyaga.

Siku moja mkewe akapiga simu. "Chiriku kaishiwa damu. Njoo utoe."

Alifika na vumbi la mbao kichwani, akanyoosha mkono hata kabla ya kuambiwa. Baadaye daktari akamfuata kwenye benchi la ukumbini.

"Damu yako hatuwezi kumpa mtoto, baba. Tumepata nyingine. Wewe pia una selimundu. Nusu."

"Mimi? Daktari, mimi hata malaria hainiwezi!"

"Sababu inaweza kuwa hiyohiyo." Daktari akakaa kando yake. "Kila mtu hurithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Mwenye moja ya selimundu, vimelea vya malaria havimshindi kirahisi. Enzi na enzi malaria imefagia watoto, na wa aina yako wakabaki wengi zaidi. Wakakua, wakazaa, wakairithisha. Ndiyo maana haijatoweka. Lakini zikikutana mbili kwa mtoto mmoja, ndiyo haya."

"Kwa hiyo na mimi nimempa."

"Nyote wawili. Si kosa la mtu."

"Na ndugu zangu waliokufa?"

"Huenda wao hawakuirithi. Siwezi kujua."

Mama yake akaelezwa yote. "Basi imetoka kwangu," akasema, "au kwa marehemu baba yako." Akaomba apelekwe kwa mkwewe. Alipewa kiti, akapewa maji, akaomba radhi huku analia, na mkwe akamfuta machozi kwa upande wa kanga yake.

Chuma alipobaki na mkewe, akasema, "Nisamehe, mama Chiriku. Rudi nyumbani."

"Nimekusamehe."

"Kwa hiyo utarudi?"

"Ungesema siku ile, 'Twende tukapimwe,' ningekaa, hata kama ungekutwa safi kama maji ya mvua. Damu haikunifukuza kwako, mume wangu."

Chiriku alipata nafuu. Sasa kila siku ya kliniki baba yake ndiye anayempeleka, na njia nzima mtoto haachi kuongea. Wakirudi kwa mama mkubwa, anamshusha mlangoni, anasimama hapo mpaka mlango ufungwe, kisha anarudi karakanani peke yake.