Mabomba Mazito ya Ardis

Siku kanisa letu la Kilutheri lilipofungwa, waumini tuliobaki hatukujaza hata benchi mbili. Kinanda chake cha mabomba kilivunjwa, kikauzwa kama chuma chakavu. Kabla ya hapo mwalimu wa muziki kutoka mji wa Fargo alikuja kurekodi bomba mojamoja, akampa jirani yangu Ardis Tollefsrud sauti zote ndani ya diski. Ardis ndiye aliyekipiga kinanda kile tangu usichana wake.

Nyumbani alikuwa na kibodi ya muziki na spika kubwa ya sakafuni, ila kompyuta yake ilipojaribu kubeba sauti zile, iliganda. Barabara zilikuwa barafu tupu, kwa hiyo nikampeleka mimi kwa gari langu hadi dukani kwa Janelle, fundi wa kompyuta wa mjini. Orrin, mume wa Ardis, ambaye kelele za trekta zilimmaliza masikio, alikuja nasi.

Janelle aliifungua kompyuta. "Mama, humu una gigabaiti nane za kumbukumbu. Sauti zako zinataka thelathini na mbili."

"Basi nitilie thelathini na mbili."

"Hii haipokei zaidi ya kumi na sita. Labda ununue mpya."

"Mpya ya nini, mwanangu? Itakuja kunizika."

"Basi nikuwekee vipande viwili vya nane nane. Lakini sauti nyingine utaziacha. Mabomba mazito, yale ya sauti nene, ndiyo yanayokula nafasi zaidi."

"Anasemaje?" Orrin alipaza sauti.

Ardis akamwinamia sikioni. "Anasema nichague wa kumtupa!"

"Nitupe mimi!"

Janelle alicheka. Ardis hakucheka. Alivishika vile vipande viwili kiganjani muda mrefu, kisha akasema, "Mazito yaache. Wimbo uko kwenye membamba."

Tulipofika nyumbani, akapiga wimbo wa Pasaka. Kilikuwa kinanda chetu kabisa, hadi kule kukoroma kwake wakati wa baridi. Nilijifuta machozi. Orrin akavuta kiti, akaegemeza mgongo kwenye spika. Kanisani alikaa miaka yote kando ya ukuta, chini ya mabomba makubwa, kwa kuwa mtetemo wake ulimfika kifuani. Hakuwa akipata kingine katika ibada.

"Umeanza?" aliuliza.

Ardis alimaliza ubeti mzima kabla ya kumjibu. "Nimeanza, Orrin."

"Haya."

Akakaa hivyo hivyo, mikono magotini, hadi mwisho.

Jumapili iliyofuata niliwapelekea viazi vya kuoka. Ardis alikuwa ameondoa mabomba membamba yote na kupakia mazito. Ndani ya nyumba palisikika ngurumo tu, kama lori linalopita mbali. Vikombe vilitetemeka kabatini, na wimbo haukutambulika. Orrin alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa taratibu.

"Huyarudishi yale mengine?" nilimuuliza Ardis.

"Hayaingii yote," alisema, wala hakugeuka.

Niliacha viazi jikoni, nikatoka. Siku hizi nikiwatembelea, naenda Jumatatu; Jumapili nawaachia ibada yao.