Mraba wa Zabibu

Maneno yenyewe Shafia aliyatamka majira ya baridi, siku chiriku alipokufa. Chiriku alikuwa wa baba yake, Haji Belkasem, aliyemtundika ndani ya kizimba juu ya mlango wa jikoni na kumsikiliza kuliko alivyosikiliza redio. Asubuhi moja wakamkuta amelala chini ya kizimba, miguu juu. Nihad, mjukuu wa nyumba, mwenye miaka sita, alilia mpaka kwikwi zikamshika.

Baba yake Nihad, kaka yake Shafia, alikuwa njiani na lori lake la mizigo huko jangwani kusini. Mama yake, muuguzi, alikuwa zamu. Basi shangazi akachukua sindano yake ya kulabu na mabaki ya nyuzi za sufu, nyekundu ya usoni na manjano ya bawani, akafuma mraba wa kuenea viganja viwili, na chiriku katikati.

"Usilie, roho yangu," akasema. "Tutafuma blanketi zima. Na aliyeingia kwenye blanketi haondoki tena."

Mtoto akanyamaza. Shafia akajiona mjuzi wa kulea.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa ilikuwa na mraba wake. Nihad ndiye aliyechagua mnyama, Shafia akafuma. Akafumwa Mishmish, paka wa ngazini, ambaye siku hizo alikuwa amepotea siku ya nne. Mraba wake ukakamilika jioni, na asubuhi yake Mishmish akarudi, sikio limechanika, akidai chakula kama mpangaji aliyelipa kodi. Akafumwa kobe, aliyekuwa amelala usingizi wa baridi ndani ya boksi chini ya sinki. Haikupita wiki wakamsikia anakwaruza boksi.

"Umeona, Shangazi?" Nihad alisema. "Blanketi limemwamsha."

Shafia alicheka. Alikuwa na shahada ya biolojia, miaka miwili anasubiri kazi ya ualimu, na alijua kinachomwamsha kobe ni jua la Machi. Lakini alicheka tu, hakusema.

Joto lilipoanza blanketi lilikuwa na miraba kumi na saba, safu tatu kamili na ya nne yenye mapengo. Ndipo kondoo akaja.

Alikuja siku kumi na mbili kabla ya Idi, kwenye pikapu ya mkulima, akapandishwa ghorofa tatu mpaka kwenye paa bapa la jengo, watu wawili wakimsukuma matakoni na Haji Belkasem akimvuta pembe huku anamwomba radhi. Alikuwa kondoo dume mweupe, mwenye macho meusi yaliyokunjamana pembeni. Nihad alimtazama kitambo, kisha akasema, "Zabibu."

"Nini Zabibu?" Haji aliuliza, pumzi zimemwisha.

"Jina lake."

Kila nyumba ya mji wa Konstantini, Aljeria, inajua kwamba kondoo wa Idi hapewi jina. Anapewa shayiri, maji, na kivuli. Haji akamgeukia binti yake amsaidie kulifuta lile jina kabla halijakauka. Lakini Shafia alikuwa ameshamshika kondoo kidevu, na bila kufikiri akasema, "Karibu, Zabibu."

Haji akafuta jasho. "Haya," alisema. "Mmeanza."

Mwaka uliopita Nihad alikuwa kwa wazazi wa mama yake wakati wa Idi, na kule mambo yote yalifanyika kwa jirani. Safari hii kila siku alipanda paani na maganda ya tikiti. Alimsomea Zabibu herufi alizofundishwa shuleni. Alimfunga utepe wa kijani shingoni. Siku ya tano akashuka mbio, uso umembadilika.

"Bi Zulikha jirani anasema Zabibu atachinjwa."

Shafia aliacha sufuria. Alipokuwa na umri kama huo aliambiwa kondoo wao amesafiri kwenda kwa nduguze, akakaa dirishani mpaka magharibi akimngoja arudi. Siku alipoujua ukweli aliapa kwamba yeye hatamdanganya mtoto. Kwa hiyo akachuchumaa, akamweleza: Nabii Ibrahim, sadaka, fungu la maskini, fungu la ndugu, wale wajane wawili wa ghorofa ya chini wasiokula nyama mpaka Idi. Alieleza vizuri, kama darasani. Nihad alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema mtoto. "Basi tumfume haraka."

"Tumfume?"

"Zabibu. Aingie kwenye blanketi. Babu atachinja kondoo mwingine."

Shafia alifungua kinywa. Neno la kusema lilikuwa moja tu na lilikuwa fupi. Lakini mtoto alikuwa ameshaleta kikapu cha nyuzi, anachagua nyeupe, anaweka kando nyeusi ya macho, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo wa nyumba.

"Nyeupe hii au ile yenye rangi ya maziwa?"

"Ya maziwa," Shafia alisema.

Jioni alimkuta baba yake ananoa kisu mlangoni.

"Baba, haiwezekani tukamwacha huyu, tukatafuta mwingine?"

"Tukatafuta kwa pesa gani, kwa meno yangu ya bandia? Nimeweka akiba tangu mwaka jana, binti yangu."

"Mtoto amempenda."

"Hata mimi nimempenda. Unadhani kondoo wa Idi huchinjwa na mtu anayemchukia?" Aligusa makali kwa kidole gumba. "Mwambie ukweli."

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Anasema tutamfuma."

Haji aliacha kunoa. Alimtazama binti yake aliyesoma miaka minne chuo kikuu. "Na wewe ukasemaje?"

Shafia akageuka, akaingia jikoni.

Kesho yake akaenda kugonga kwa Bi Zulikha, jirani wa mlango wa pili, ambaye kondoo wake alikuwa juu ya paa lilelile, upande wa pili wa ukuta mfupi.

"Tubadilishane, Bi Zulikha. Wako aje kwetu, wetu aende kwako."

Bi Zulikha alicheka mpaka akashika kizingiti. "Tubadilishane? Halafu mtoto amwone anachinjwa hatua tatu kutoka kwake badala ya mbili? Mwanangu, elimu yote hiyo, na akili umeisahau mtihanini! Kisha wangu naye ana jina."

"Anaitwa nani?"

"Mchuzi." Alipoona Shafia hacheki, akapunguza sauti. "Watoto husahau, Shafia. Akionja ini la kuchoma tu, amesahau."

Lakini Shafia hakuogopa kwamba Nihad angemkumbuka kondoo. Aliogopa siku ambayo Nihad angemtazama yeye, na kuona mtu ambaye neno lake halina kitu ndani. Mama wa mtoto alikuwa zamu, baba barabarani. Aliyekuwepo kila siku ni shangazi, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa ni kwamba akisema jambo, jambo lile ni kweli.

Akatafuta njia ya nyuma. Alikuwa anafuma, ndiyo, lakini mraba ule hautaisha. Zabibu asipoingia kwenye blanketi, basi neno halitakuwa limevunjika. Atakuwa amechelewa tu, na mtu huchelewa.

Alipofika mzunguko wa sita alisema amekosea kuhesabu, akafumua mpaka wa tatu. Nihad alikaa pembeni akitazama uzi unarudi nyuma, kitanzi baada ya kitanzi.

"Si kitu, Shangazi. Anza tena."

Siku iliyofuata Shafia alisema pembe zimekaa vibaya, akafumua. Siku ya tatu uzi wa rangi ya maziwa "ukaisha", nao alikuwa ameusukumia nyuma ya kabati. Nihad alivaa viatu, akashuka peke yake kwa Bi Zulikha, akarudi na kibonge cha uzi wa rangi ileile.

"Nimemwambia ni dharura," alisema.

Kisha akaanza kuomba sindano. "Nifundishe, ukichoka nikusaidie." Shafia alimfundisha. Angekataa kwa sababu gani? Vidole vya mtoto vilikaza uzi kama mtu anayefunga gunia, lakini vitanzi vilitoka, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alikihesabu kwa sauti.

Siku ya Arafa mraba ulikuwa umebakiza mzunguko mmoja wa pembeni. Asubuhi walipanda paani kumpaka Zabibu hina kwenye paji la uso, na Nihad ndiye aliyeipaka, kwa kidole kimoja, taratibu. "Usiogope," alimwambia kondoo sikioni. "Bado mstari mmoja tu."

Shafia alikuwa amefunga. Alifua mapazia, akasugua ngazi, akaosha masinia ya nyama. Mchana, joto lilipozidi, aliufunika mraba kwa kitambaa ndani ya kikapu, akajilaza. Nitasema nilipitiwa na usingizi, alijiambia. Nitasema kesho. Nitamshika mkono niseme, hatukuwahi, mwanangu, hatukuwahi. Akalala na uongo huo umeshakamilika kinywani.

Asubuhi ya Idi takbiri zilitoka kila msikiti, zikakutana juu ya korongo linaloukata mji na kurudi kama wimbi. Haji alirudi kutoka kuswali pamoja na mchinjaji, mtu mpole mwenye ndevu fupi, aliyekificha kisu nyuma ya mgongo wake kama inavyopasa, ili mnyama asikione. Shafia alikuwa paani anaandaa ndoo za maji. Zabibu alisimama kwenye kivuli, hina imekauka usoni, anatafuna.

Ndipo waliposikia kitu kinaburutwa ngazini.

Nihad alitokea mlangoni na gauni jipya la Idi na blanketi zima limemlemea mabegani, pindo likifagia sakafu. Alilitua mbele ya babu yake, akalitandaza, akaonyesha kwa kidole. Kwenye pengo la safu ya nne alikaa Zabibu, mweupe, macho meusi. Mzunguko wake wa mwisho ulikuwa mnene, umepinda, umekazwa mpaka mraba umejikunja kama jani, na alikuwa ameshonewa kwa majirani zake kwa mishono mirefu ya uzi mwekundu.

"Nilimaliza jana Shangazi alipolala," alisema. Alikuwa anatabasamu. "Yumo, Babu. Sasa tafuteni mwingine."

Mchinjaji alitazama viatu vyake. Haji Belkasem alitazama ule mraba, kisha akainua macho, si kwa mtoto, kwa Shafia. Macho yale hayakumlaumu. Yalimwomba. Mzee huyu aliyejua jibu la kila kitu alikuwa anamwomba binti yake aseme lolote. Shafia, ndoo mkononi, alifikiri kumwangukia baba yake. Aliwafikiria wajane wawili wa chini, ambao tangu alfajiri walikuwa wameacha mlango wao wazi. Alitua ndoo, akambeba mtoto pamoja na blanketi, akashuka naye.

Nihad hakupigana. Alikuwa mzito, amegeuza shingo kutazama nyuma. "Shangazi, hawajaangalia vizuri," alisema njia nzima. "Hawajaangalia vizuri, Shangazi. Turudi niwaonyeshe."

Chumbani Shafia alifunga mlango na dirisha, akamziba mtoto masikio kwa viganja vyake. Lakini dari lilikuwa jembamba. Walisikia kwato, mara chache, halafu "Bismillahi, Allahu akbar," halafu maji yakimwagwa. Bi Zulikha akapiga vigelegele upande wake wa ukuta. Mikononi mwake Shafia akausikia moyo wa mtoto ukienda mbio kama wa ndege.

Baadaye sana, alipoondoa mikono, Nihad aliteremka sakafuni, akalivuta blanketi mapajani, akautafuta ule mraba. Alipitisha kidole kwenye mzunguko wa mwisho, kitanzi baada ya kitanzi. Akafika kwenye kona moja, akasimama.

"Ni hapa?"

"Hapa nini, roho yangu?"

"Hapa nilipokosea. Nilikaza sana. Na hapa nimeruka kimoja." Akaibonyeza kona ile kwa kidole. "Wewe ungemaliza mwenyewe, angeshikwa. Ni mimi, si ndiyo?"

Shafia aliona njia mbili, zote mbaya. Akisema ndiyo, chiriku atabaki na Mishmish atabaki na blanketi litaendelea kuwa blanketi lile lile, na mtoto wa miaka sita atabeba kondoo mzima kwenye kitanzi kimoja kilichorukwa. Akisema hapana, hakitabaki kitu.

"Hapana," alisema. "Umefuma vizuri. Si wewe. Blanketi halimshiki yeyote, Nihad. Halijawahi kumshika yeyote."

"Chiriku je?"

"Chiriku alikufa. Mimi nilifuma sufu tu."

"Mishmish alirudi!"

"Alirudi kwa njaa. Na kobe aliamka kwa jua. Nilijua, sikukuambia."

Nihad alimtazama. Shafia aliyangoja macho yale yabadilike, na yakabadilika. Aliona kabisa kitu kinaondoka, wala hakuweza kunyoosha mkono kukizuia.

"Basi kwa nini ulisema haondoki?"

"Ulikuwa unalia. Sikujua la kufanya."

"Na sasa nalia." Ilikuwa kweli. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, yanadondokea gauni jipya.

"Naona."

"Unajua la kufanya?"

Shafia alitafuta. Alitafuta kwa dhati, kila mahali alipozoea kupata kitu. Moshi wa ini ulianza kupenya chini ya mlango, na sauti ya Haji ikashuka kutoka juu, yenye furaha ya kujilazimisha: "Shafia! Leteni chumvi! Mko wapi?"

"Sijui," alisema.

Mtoto alifuta pua kwa mkono wa gauni. Akasogea kidogo kwenye zulia, si sana, kiasi cha mtu mmoja.

"Basi kaa hapo," alisema. "Lakini usiseme kitu."

Shafia akakaa. Babu akaita tena chumvi, na tena, kisha wakasikia hatua za Bi Zulikha zikipanda kuipeleka.