Kiti cha Eli

Gari likinguruma kwenye kona ya chini, Eli alijua la kufanya. Alijifunika mdomo kwa mkono wake wa kushoto, ule unaomtii, akatulia tuli mpaka bibi yake amwambie wageni wameshaondoka. Hakuna aliyemchapa ili ajifunze hivyo. Bibi Ndeshi alimzoesha tangu mdogo, kwa kucheka na kumtekenya, wakaufanya mchezo wao wawili. Sasa mtoto alikuwa na miaka minane, na mchezo huo aliuweza kuliko mwalimu wake.

Msimwone Bibi Ndeshi mtu mbaya. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kahawa iliyopaliliwa vizuri na migomba inayosifiwa Nkoaranga nzima, na huyo mjukuu wake, Elihuruma kwa jina kamili, alimpenda kupita kiasi. Ila alikuwa amechoka na watu. Eli alizaliwa nyumbani, mvua ya masika ikimwagika na njia haipitiki, na alichelewa kulia. Baadaye miguu ikakakamaa na shingo ikakataa kusimama. Maneno yakaanza. Wengine wakasema ukoo una jambo la zamani halijasemwa, wengine wakasema mama yake alikanyaga kitu. Baba wa mtoto akapata safari, na mpaka leo yuko safarini. Wageni wakija uani wanamtupia mtoto jicho, halafu wanampa bibi pole kana kwamba wamekuja msibani.

Ndipo akaanza kumhamishia mtoto chumba cha nyuma, karibu na magunia ya kahawa, kila aliposikia gari au sauti asiyoifahamu. Akiulizwa anaishi na nani, alijibu kwa utulivu kwamba anaishi peke yake, hapa hakuna mtoto. Agnela, binti yake, ndiye mama wa Eli, alishahamia Sakina, kule mjini, anauza nguo za mitumba kando ya barabara ya Nairobi, na alikuja nyumbani Jumamosi alizoweza.

Lakini Eli alikuwa na akili yake timamu, na hamu isiyofichika hata nyuma ya magunia. Kila asubuhi watoto wa jirani walipita na mifagio na madumu yao kwenda shule, wakipigiana kelele. Eli alikuwa ameegemezwa mlangoni, kwenye mito, anawasikiliza hadi sauti ya mwisho ipotelee kwenye migomba. Kisha anauliza, kwa maneno yake ya kuvuta ambayo bibi peke yake aliyashika yote, "Wakishafika kule wanafanya nini?"

"Wanafagia," anajibu bibi.

"Wakishafagia?"

Hapo bibi anakumbuka ana kuni za kupasua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, magari ya Japani yaliyotumika yakimiminika nchini na kila mwenye uwezo akinunua lake. Shule moja ya mjini ikafungua darasa la watoto wenye ulemavu, ikapata basi dogo lililokuwa la chekechea huko Japani, bado lina maandishi yao ubavuni ambayo hakuna Mmeru wala Mwarusha aliyeyaelewa. Agnela aliposikia, hakungoja. Alikwenda akamwandikisha mtoto, kisha akapanda mlima na habari yake.

"Basi litafika mpaka kona ya chini, Mama. Wewe utamshusha asubuhi na kumpokea jioni."

"Na humo ndani nani atamshika shingo? Wewe? Mimi? Gari likikata kona si atamwagika?"

"Ndiyo maana watatengeneza kiti chake mwenyewe. Mwalimu atakuja na dereva, waione njia na wampime mtoto. Ukiwaona, wakaribishe."

Eli alikuwa akisikiliza kutoka kwenye mito yake. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za kufagia. Aliuliza rangi ya basi. Aliuliza kama lina madirisha. Aliuliza kama dereva anajua jina lake.

Siku walipokuja, Bibi Ndeshi alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Gari likanguruma kwenye kona. Miguu yake ikafanya kazi kabla ya akili: alitupa panga, akambeba mtoto, akamweka nyuma ya magunia, akafunga mlango. Alipotoka akifuta mikono, uani walikuwa wameshasimama dada mmoja mwenye miwani na mwanamume mrefu mwenye futi kamba shingoni, kama fundi cherehani.

"Shikamoo bibi," alisema yule dada. "Mimi ni Mwalimu Namnyaki, natoka shuleni mjini. Na huyu ni Lekishon, dereva wetu, ndiye pia fundi wetu. Tunamtafuta mtoto anaitwa Elihuruma, wa Agnela."

"Marahaba," alisema Bibi Ndeshi. Halafu mdomo wake, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukasema, "Hapa hakuna mtoto."

Hadi hapo tungeweza kumsamehe. Ni mazoea, na mazoea yana tabu. Lakini aliiona ile futi kamba, akajua vizuri hawa ni nani na wamefuata nini, na nafasi ya kucheka na kusema jamani nimepitiwa alikuwa nayo. Hakusema. Alisimama pale na wazo moja limemkaba: wakimchukua, mimi nitambeba nani? Miaka minane mgongo wake haujawahi kukaa mtupu mchana kutwa. Aliogopa, basi.

Wageni wakaangaliana. Walimwomba radhi kwa usumbufu, wakasema huenda wamekosea nyumba, kina Agnela ni wengi. Gari likashuka taratibu mpaka mlio ukaisha.

Alipofungua mlango wa nyuma alimkuta Eli vilevile alivyomwacha, mkono mdomoni, machozi yanapita katikati ya vidole. Alikuwa amelisikia jina lake likitajwa, tena na watu asiowajua.

"Bibi," alisema mkono ulipotolewa, "lile lilikuwa basi langu?"

Bibi Ndeshi alimfuta machozi kwa kanga. Alimbeba, akazunguka naye shambani hadi jioni.

Jumamosi Agnela alifika amenuna. "Basi limebaki kidogo lianze. Viti vya wenzake vyote tayari, cha Eli hakipo. Eti walikuja huku wakakosa nyumba. Sijui walipotelea wapi, na nimewaelekeza vizuri!"

Kunyamaza kungekuwa rahisi kabisa. Mzee wa watu, nani angemshuku?

"Hawakupotea," alisema Bibi Ndeshi. "Walisimama hapo ulipo. Niliwaambia hapa hakuna mtoto."

Agnela alikaa chini kwenye kigoda. Bibi alitarajia kelele, hata alizitamani, lakini binti yake alisema kwa sauti ndogo, "Nilipokuwa naondoka kwenda mjini uliniambia nisimwambie mtu kwamba nina mtoto. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nami sikusema. Wanawake ninaouza nao pale Sakina wanajua mimi ni mtu asiye na mtoto. Wananiombea nipate." Akainamisha uso kwenye kanga. "Namtamani mwanangu, Mama. Namtamani kila siku, na sina hata mtu wa kumwambia."

Wakalia wote wawili, na Eli mlangoni akawauliza nani amekufa.

Jumatatu asubuhi Bibi Ndeshi alivaa gauni lake la kanisani, akamfunga Eli mgongoni kwa mbeleko, akashuka. Hakupita njia ya nyuma ya migomba. Alipita ile ya watu wote, mbele ya kanisa, mbele ya duka, na wenye macho wakatazama. Mama mmoja akauliza amembeba nani. "Mjukuu wangu," alijibu bila kusimama, maana angesimama miguu ingemgeuzia kisogo. "Tunakwenda kupimiwa kiti." Barabarani aliomba lifti kwenye pikapu ya ndizi iliyokuwa inakwenda mjini, na mjini Agnela akawapokea na kuwafikisha kwenye gereji ya Sakina, basi la shule lilikokuwa linafungwa viti.

Lekishon alikuwa chini ya lile basi. Alitoka, akajifuta grisi, akamtambua mara moja.

"Yeyo," alisema, yaani mama kwa lugha ya kwao, "si ulituambia hakuna mtoto?"

"Nilisema. Na huyu hapa."

Lekishon, mtu wa Kisongo na si mwepesi wa maneno, alimtazama bibi, akamtazama mtoto, akaamua kutouliza zaidi. Akavuta benchi. "Haya, tumpime."

Bibi Ndeshi akakaa kwenye benchi na kumpakata Eli.

"Hapana, yeyo. Nikimpima hivyo nitakuwa nakupima wewe. Mkalishe peke yake."

Akamkalisha, mikono yake ikabaki ubavuni mwa mtoto.

"Toa na mikono."

"Ataanguka."

"Nipo mbele yake. Lazima nione anaangukia wapi, nijue pa kuweka ubao. Toa mikono, yeyo."

Jambo dogo hilo, kutoa mikono. Bibi Ndeshi alilima kahawa, alizika mume, alimpokea mtoto huyohuyo kwenye mvua kwa mikono hiyo, na hakuna kazi iliyowahi kumshinda kama ile. Aliondoa mmoja. Akasali kidogo. Akaondoa na wa pili.

Eli aliinama upande wa kulia, akaenda, akaenda, bibi akafumba macho. Kelele ya kuanguka haikuja. Alipofumbua, mtoto alikuwa ameukamata ukingo wa benchi kwa mkono wa kushoto, amepinda, anatetemeka, na anacheka mpaka udenda unamtoka. Alikuwa amekaa.

"Umeona?" alisema Lekishon, futi kamba mkononi. "Kushoto ana nguvu. Basi tutamweka dirisha la kushoto, nimwekee na chuma cha kushika. Kulia nitaweka ubao wenye godoro la sponji, kichwa kipate pa kulala. Mkanda nitamkatia hapa kifuani."

"Usiubane sana," alisema bibi.

"Wewe mgongoni ulikuwa unambana kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa mbeleko. Lekishon alipima na hiyo pia.

Siku ya kwanza walifika kwenye kona kabla ya basi. Honi ilipolia huko chini, Eli akajifunika mdomo. Bibi Ndeshi aliugusa ule mkono, akaushusha polepole, moyo ukimuuma kwa kazi yake mwenyewe. "Hili haliogopwi. Liitikie." Mtoto akamtazama kuhakikisha. Kisha akapiga ukelele ambao ulitoa watu kwenye duka.

Mwalimu Namnyaki alimpokea, Lekishon akafunga mkanda, mlango ukajifunga. Bibi Ndeshi alikuwa amejiandaa kwa kilio cha mtoto. Alijua atakachosema: basi, tumejaribu, turudi nyumbani. Lakini Eli hakulia, wala hakugeuka. Basi lilipokata kona, bibi aliona kichwa chake kimeegemea ubao, kinatazama huko kinakokwenda.

Siku hiyo hakuna kazi iliyokwenda. Alijifunga mbeleko kiunoni akapalilia, akaifungua, akaifunga tena. Ng'ombe alimaliza majani akalia. Mara mbili aliita "Eli!" kumwonyesha kitu, mara moja ni kinyonga, mara ya pili hata yeye hajui ni nini. Alishuka kwenye kona mapema mno, akakaa kwenye jiwe, wapita njia wakimsalimu na yeye akiwajibu, "Namngoja mjukuu wangu anatoka shule." Aliona aibu jinsi alivyopenda kulisema.

Basi lilipofika alimfunga mgongoni, wakaanza kupanda. Mtoto alikuwa ananuka chaki na uji, na alikuwa mzito kuliko asubuhi, au ni mgongo uliokuwa umesahau.

"Bibi, umeshauona mlima?"

"Mlima gani?"

"Ule mkubwa! Nimeuona dirishani wakati wa kurudi. Una kichwa juu kabisa, kimetoka kwenye mawingu. Mwalimu amesema sisi tunakaa hapo. Tunakaa mlimani, Bibi!"

Bibi Ndeshi akasimama apate pumzi. Miaka minane alimpandisha na kumshusha mtoto huyu kwenye mlima huu, na alichopata kukiona mtoto ni kisogo cha bibi yake na kilemba.

"Ndiyo," alisema. "Tunakaa mlimani."

Wakaendelea. Eli alisimulia mpaka sauti ikamchoka, akalaza shavu mgongoni, na bibi akadhani amelala.

"Bibi. Kesho iko mbali?"

Njia ilikuwa imebaki fupi, nyumba inaonekana. Bibi Ndeshi alipunguza mwendo, akaihisi ile pumzi ya moto shingoni, akatamani kupanda tu bila kufika.

"Iko karibu, mwanangu," alimwambia. "Iko karibu sana."