Kucha za Asia

Aruna Abedi, dereva wa kamyo wa mtaa wa Kapata, aliogopa vitu viwili tu duniani: breki zinazokatika mteremkoni, na mtu anayeomba kucha za mtoto wake. Breki alikuwa ameshazizoea.

Basi Jumatatu moja, mwaka wa sabini na nne, binti yake Asia alirudi kutoka masomo, yaani shuleni, akatua mfuko wake mlangoni.

"Baba, citoyenne Kabedi, mwalimu wetu, anasema kesho kila mutoto alete kucha zake mu karatasi. Ataziweka mu chupa, ataandika jina juu, atazifungia mu kabati siku tano."

Aruna aliacha kutafuna.

"Siku tano? Na jina juu?"

"Ni somo ya usafi. Tutaona mikrobi, badudu badogo ya uchafu."

"Mikrobi!" Aruna alimgeukia mke wake. "Mwanvua, unasikia? Jina, kucha, kabati yenye ufunguo. Kule kwetu Kasongo hata mulozi, mchawi mwenye njaa, haombi bitu mingi hivyo."

Kwao kucha ikikatwa inazikwa, sawa na jino, sawa na nywele. Haiachwi mkononi mwa mgeni. Na Asia ndiye aliyebaki. Wawili waliomtangulia walikwisha zikwa wakiwa wadogo, tumbo likiwasokota, wala hakuna aliyemwambia Aruna sababu. Mtu asiyeambiwa sababu huitafuta mwenyewe, tena popote.

"Haendi kesho," alisema.

"Haendi?" Mwanvua hakuinua hata macho kwenye sahani. "Mi sikusoma. Weye ulisoma nusu mwaka, ukakimbia fimbo. Na yee abaki tu? Anaenda, na karatasi yake."

Alfajiri Aruna akamshika Asia mkono, akampeleka nyuma ya jiko. Akamkata kucha zote kumi, akazizika chini ya pilipili, akapakanyaga mara tatu. Kisha akakata za kwake.

Sasa, kucha za dereva si mchezo. Ile ya kidole gumba alikuwa ameiacha irefuke, ndiyo bisibisi yake. Wako watu wanaoapa kwamba kwenye njia ya Kisenge alifungua nayo karbureta nzima. Chini yake kulikuwa na mafuta meusi ya injini, udongo mwekundu wa mgodi wa Mashamba, na magamba ya samaki wakavu aliopakia wiki iliyopita. Akaikatakata mpaka ikafanana na kucha za mtoto, akazifunga zote kwenye karatasi ya Asia.

"Apa kwamba hautasema. Hata kwa mama yako."

Asia akaapa.

Tangu siku ile kamyo ya Aruna ilipata ugonjwa wa ajabu: kila ikifika mbele ya masomo, inazimika. Dereva anafungua boneti, anainama, na jicho moja linaingia dirishani mwa darasa la Asia, mwaka wa pili. Aliona mambo. Huyu Kabedi alichemsha maji kabla ya kuyanywa: alikuwa anaua nini mle ndani? Alinawa mikono kabla ya kula, akanawa tena baada ya kula: alikuwa anafuta nini? Alikuwa na kioo chenye mpini, na sisimizi akiwekwa chini yake anakuwa mkubwa kama mbuzi. Na mwanamke huyo hakupiga mtoto hata mmoja. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Jumatano kidole gumba cha Aruna kikaanza kuwasha. Alhamisi ikawa mgongo. Ijumaa, katikati ya sala, akaona kizunguzungu.

"Ndiyo vile," alijiambia. "Anafikiri anakula mutoto, kumbe anakula mimi." Na akafurahi, maskini. Afadhali iwe yeye.

Jumamosi Kabedi alifungua kabati. Aruna alikuwa amekwisha fika dirishani, spana mkononi. Chupa zikapangwa mezani, kila moja na kipande cha kiazi kilichochemshwa, na juu yake kucha za mwenye jina. Ile isiyowekwa kucha, kiazi chake cheupe kama chokaa. Ya Mukalay ilikuwa na madoa madogo. Ya Nkulu, kama imenyunyiziwa majivu. Lakini ya Asia! Kiazi hakikuonekana tena. Kilikuwa kimeota ndevu za kijani, nene, zilizopanda mpaka kusukuma kifuniko.

"Yoo! Asia iko na mikono ya choo!" Nkulu akapiga kelele. "Musikule naye!"

Darasa zima likacheka. Kabedi akakunja uso.

"Asia, lete mikono." Akaigeuza huku na huku. Ilikuwa safi. "Hapa sielewi. Hizi kucha ni za nani?"

Asia akabana midomo. Machozi yakamshuka, lakini kiapo ni kiapo.

Aruna akapima. Akisema, mulozi atajua amemshika nani. Akinyamaza, mtoto atabeba aibu ile mpaka ayakimbie masomo. Akaingiza kichwa dirishani.

"Ni zangu!"

"Tata Aruna? Baba ya Asia?" Kabedi alishtuka.

"Zangu, zote kumi! Mutoto wangu hauwezi kumufunga mu chupa. Kula mimi!"

Kabedi aliitazama chupa, akamtazama yeye. Hakucheka, na Aruna akazidi kumshuku.

"Tata, hakuna anayekula mutu. Ile ni uchafu ya chini ya kucha. Inaingia mu bukari, inaingia mu tumbo. Inaua batoto kuliko mulozi yote."

"Uchafu? Mi ninatawadha mara tano kwa siku!"

"Na ni muzuri, tata. Lakini mafuta ya kamyo inaomba sabuni na burashi."

Aruna akakitazama kidole gumba chake. Wale wawili waliozikwa, nani aliyekuwa akiwafinyangia matonge ya bukari na kuwatia mdomoni kila jioni alipotoka safarini? Akauficha mkono nyuma ya mgongo. Lakini mtu hauzi shaka yake yote kwa siku moja.

"Na chupa yako iko wapi, mama mwalimu?"

"Yangu?"

"Unashika kucha za batoto arobaini. Siye tunashika nini yako?"

Vichwa arobaini vikamgeukia mwalimu. Kabedi akatoa wembe kwenye droo ya meza, akakata ukucha wake mbele ya wote, akauweka juu ya kiazi kipya ndani ya chupa, akafunga, akaandika jina lake, akampitishia Aruna dirishani.

Aruna akarudi kwa miguu, kamyo ameiacha barabarani, chupa ameishika kwa mikono miwili kama yai. Mwanvua alimpokea mlangoni.

"Na hiyo ni nini?"

"Ni mwalimu," alisema Aruna. "Mutafutie mahali pa muzuri. Jumatatu Asia anaenda masomo."