Mianzi ya Upande Wangu

Nilimkuta Wekulo amepiga magoti nyuma ya nyumba yangu, anachimba. Miche ya mianzi ilikuwa imelala kando yake, mizizi imefungwa kwa gunia lililolowa.

"Sasa, Mama Hope," alisema bila kuinuka.

"Unamzika nani hapo?"

Alicheka, na kicheko chake sikukipenda hata kidogo. Alikuwa jirani yangu hapa Kabiro, tena mwenyekiti wa kamati ya kutunza mto. Akaniambia maji yanakula ukingo kila mvua, na mianzi itashika udongo. Mimi nilitazama mashimo yake. Yalipita kati ya jiko langu na mto, yamenyooka kama yaliyopigwa kamba. Mwaka uliotangulia tingatinga lilibomoa nyumba za ng'ambo ya mto, na kabla yake walikuja watu wa kupima ardhi, wakicheka hivyo hivyo.

Tena mimi ni wa Kitui. Marehemu mama alimruhusu jirani apande mti shambani kwetu, wa kivuli tu. Jirani alipofariki, wanawe walisimama chini yake wakawaambia wazee, "Aliyepanda ni baba yetu." Shamba likaenda.

Nyumba hii ya mabati niliijenga mwenyewe baada ya kumzika mume wangu. Nikiipoteza, mimi na Hope hatuna pa kwenda. Nilimchungulia Wekulo kupitia tundu la msumari hadi akabomoa banda lake la kuku lililozuia mstari. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Huyu anatoa kuku apate nyumba za watu.

Nikatoka. "Wachana na hiyo miche. Side yangu nitapanda mwenyewe."

"Na utamwagilia?"

"Mti wangu, maji yangu."

Akanipa jembe. Upesi mno, niliona.

Majirani waliponiona, nao wakadai kupanda pao. Sasa mianzi imepita mapaa, ukingo umesimama, na Wekulo akitaka hata ufito mmoja hupiga hodi kwanza.

Juzi alikuja Musimbi, wa kamati ya Soweto West kule Kibera, kuuliza waanzeje kwao. Nilimsikia Wekulo nyuma ya mabati.

"Tafuta mama mmoja mwenye haamini mtu," alimwambia. "Anza kuchimba kwake bila kuuliza. Atakunyang'anya jembe, na majirani watamfuata."

Hasira zilinipanda. Kisha nikachukua ndoo, nikatoka kumwagilia mianzi yangu.